Dakika Kumi na Saba za Rekodi

Niliposimamishwa kazi, Julai mwaka 2017, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na miaka kumi na minne ya uhakimu, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu nimweleze. Sisemi hivi kutafuta huruma. Hadithi za kutafuta huruma nimezisikiliza nyingi kutoka juu ya kiti changu, nazijua zinavyoanza. Nasema tu ilivyokuwa. Niliikunja barua ya waziri wa sheria, nikaitia mfukoni, nikaendesha gari kutoka mjini Johannesburg hadi Midrand, nikagusisha kadi getini, nikafungua mlango, nikakaa kwenye kochi na koti langu mwilini mpaka jua likazama.

Watu wengi hawajui hakimu wa nchi hii ya Afrika Kusini anasimamishwaje. Wanadhani waziri ameamka na hasira zake, kapiga simu, na kesho yake hakimu yuko nje. Sivyo kabisa. Tume ya Mahakimu inachunguza malalamiko na kumshauri waziri. Waziri anamsimamisha hakimu kwa muda tu. Halafu ndani ya siku saba lazima apeleke taarifa Bungeni, kule Cape Town, aeleze sababu. Bunge ndilo linaloamua kuthibitisha au kukataa. Likikataa, hakimu anarudi kitini kwake. Sheria ilitungwa hivyo ili serikali isipate mwanya wa kung'oa mahakimu wasioipendeza. Makarani wapya nilikuwa nawaeleza jambo hili kwa fahari, utadhani niliitunga mimi.

Sasa ilikuwa zamu yangu kuchunguzwa. Kamati ya Bunge ya mambo ya sheria ilinipa mpaka Ijumaa, tarehe ishirini na tano Agosti, saa sita mchana, niwe nimepeleka utetezi wangu kwa maandishi. Wakiridhika nao, ningerudi. Wasiporidhika, ningebaki nje mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa namna hiyo unaweza kula miaka miwili. Kazi ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho, kwa hiyo niliutaka utetezi uwe wa kuwanyamazisha.

Kosa langu, kwa maneno ya mashitaka, lilikuwa kwamba mara thelathini na moja, kati ya mwaka 2015 na 2016, nilisikiliza kesi za wageni kwa Kiswahili bila mkalimani, nikiwauliza mwenyewe, nikijibiwa mwenyewe, na kuandika mwenyewe kwa Kiingereza walichosema.

Nieleze Kiswahili nilikipata wapi, maana jina langu ni Dismas Mothibe na baba yangu alikuwa mtu wa Soweto. Mwaka 1963 alikimbia nchi, akaishia Kongwa, kwenye kambi ya wapigania uhuru, akamwoa msichana wa Kigogo. Mimi nilizaliwa hukohuko, nikasoma hukohuko, sheria nikasomea Dar es Salaam. Mwaka 1991 tukaja wote huku. Baba hakudumu. Mama aliishi Soweto na baadaye kwangu Midrand, jumla miaka ishirini na miwili, na alikufa mwaka 2013 bila kukubali kwamba unga wa huku ni unga.

Baada ya yeye kuondoka, nyumba yangu haikuwa tena na Kiswahili. Mke wangu alishaondoka zamani, kwa sababu ambazo ni zake na ana haki nazo. Binti yetu, Brightness, anafanya kazi Durban. Kiswahili anakisikia chote, alilelewa na bibi yake, ila kukizungumza hataki. Ukimuuliza kama amekula, anakujibu kwa Kiingereza kwamba amekula.

Mahakamani kwetu palikuwa na mkalimani mmoja wa Kiswahili, Evarista, mama wa Kitanzania mwenye miwani minene na hasira za karibu, ambaye alikula kiapo cha kazi hiyo muda mrefu kabla yangu. Alikuwa anahudumia mahakama nne peke yake. Siku akiwa mahakama nyingine, mshitakiwa Mkongo au Mrundi akiletwa kwangu, taratibu zilinitaka niahirishe kesi. Kuahirisha maana yake mtu arudi rumande wiki moja, mbili, kwa sababu tu hakuna wa kumsemea.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2015. Aliletwa Mrundi mmoja, midomo imekauka, haelewi hata anaambiwa asimame au akae. Nikainama mbele nikamwambia, habari za asubuhi bwana, umetokea wapi? Yule mtu almanusura alie. Mwendesha mashitaka alitazama dari, karani akatabasamu, tukaimaliza kesi kabla ya chai. Mashine ya kurekodi ilikuwa inaendelea kama kawaida na mimi nikaandika muhtasari kwa Kiingereza. Tangu hapo, asubuhi nikiambiwa Evarista leo hayupo, nilikuwa nafurahi. Hilo nilikuwa sijawahi kulikiri kwa mtu.

Célestine aliletwa mbele yangu Oktoba 2016. Ni msusi kutoka Uvira, kule Kongo, mwanamke wa makamo, ana saluni ndogo Newtown, chini ya barabara ile ya juu. Polisi walimkuta na draya mbili za kusimama, zile za kukaushia nywele, zilizosemekana ziliibwa kwenye duka. Hakuwa na wakili, na alikuwa ameshalala mahabusu siku tatu. Evarista hakuwepo. Nikazungumza naye, akakiri kosa, nikampa kifungo cha miezi sita nikakiahirisha, maana yake aende nyumbani na asirudie. Alitoka mahakamani siku ileile kwa miguu yake. Mimi nikalala usingizi mzuri.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba kwenda kwake nyumbani kulikuwa na mkia. Alipokwenda kuongeza muda wa karatasi zake za ukimbizi, akaambiwa ana kosa la jinai kwenye jina lake, basi karatasi zikakwama. Wakili wa msaada wa sheria akaipeleka kesi Mahakama Kuu. Jaji akaomba jalada, akakuta ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa mwandiko wangu na rekodi ya dakika kumi na saba za lugha ambayo hakuna mtu mwingine mle ndani aliyeielewa. Akaamuru itafsiriwe neno kwa neno. Mwenye kiapo cha kutafsiri alikuwa Evarista. Hukumu yangu ikafutwa, na jaji akapeleka nyaraka zote kwenye Tume.

Nilimchukia Evarista kwa hilo. Tafsiri yake ililetwa kwangu pamoja na mashitaka, ndani ya bahasha, na sikuifungua. Nilijiambia nilikuwepo, najua nilichosema, sihitaji kusimuliwa. Badala yake nikaandika kurasa tisa za utetezi. Nilieleza rumande zilivyojaa. Nilieleza heshima ya mtu kusikilizwa kwa lugha yake. Nilitaja Katiba mara sita. Zilikuwa kurasa nzuri, nilizisoma kwa sauti pale sebuleni nikaridhika, ingawa msikilizaji nilikuwa mimi mwenyewe.

Kilichopungua kilikuwa ushahidi wa mtu mwingine. Na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo, kama angelileta mshitakiwa wangu yeyote, ningemwambia ana wazimu: niende kwa Célestine, aniandikie barua kwamba siku ile nilimtendea wema. Barua ya waziri ilinikataza waziwazi kumkaribia mtu yeyote anayehusika na kesi. Nikajiambia naenda kumsalimia tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na mimi maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yangu.

Jumanne nikapanda treni ya Midrand mpaka stesheni ya Park, nikatembea kwa miguu kwenda Newtown. Upepo wa Agosti ulikuwa unazungusha vumbi na mifuko ya plastiki. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kirefu chenye ufa. Célestine alikuwa anamsuka mteja, na wasusi wenzake wawili wakiwa pembeni. Aliponiona aliacha kichwa cha mteja nusu, akafuta kiti kwa aproni yake, akapiga goti kidogo.

"Ikaa hapa, papa juge," akasema, yaani baba hakimu, na papo hapo akamtuma mmoja wa wasusi akaniletee Fanta kwenye spaza, kile kiduka cha jirani.

Hakuniuliza nimefuata nini. Nikaanza kuongea. Kwanza nilimpa pole kwa yaliyompata, kisha nikampa habari zangu, jinsi nilivyokaa nyumbani mwezi mzima, jinsi jirani zangu wa Midrand wanavyosalimiana kwa kupungiana funguo za gari. Nilimsimulia mama yangu na unga. Alinisikiliza akiitikia, mikono yake ikiendelea na nywele za mteja. Halafu nikatoa barua niliyokuwa nimeichapa kabisa nyumbani, nikamweleza kwa Kiswahili kilichomo: kwamba hakimu alizungumza naye vizuri, kwamba alielewa kila kitu, kwamba hana kinyongo. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ndiyo, papa. Nikamuuliza kama angependa kutia saini. Akasema ndiyo, papa. Akashika chanuo kwa meno, akachukua kalamu yangu, akasaini.

Nilikaa pale saa nzima zaidi baada ya kupata nilichotaka. Wale wasusi wawili hawakusema neno muda wote huo na mimi nilidhani ni adabu. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizozipata mwaka ule, na niliporudi Park nilikuwa napiga mluzi.

Jumatano mchana nikakaa mezani kuambatanisha barua ile na utetezi wangu. Nilitaka pia kunukuu maneno machache ya upole niliyomwambia siku ya kesi, ili wabunge waone kwa macho yao. Ndipo nikaifungua bahasha ya Evarista.

Evarista anatafsiri kama anavyoishi, hakuongezei wala hakupunguzii. Kila nilipocheka ameandika kwamba hakimu anacheka. Kila nilipokohoa ameandika. Pembeni ameweka dakika na sekunde. Nilianza kusoma kwa kiburi, nikatafuta pale nilipomsomea mashitaka, nikapita ukurasa wa kwanza, wa pili, bado sijayafikia. Nilikuwa namuuliza Uvira wanapika vipi sombe, kisamvu chao. Nilikuwa namwambia mama yangu alikuwa anapika mlenda na kwamba tangu afe sijauonja. Nilikuwa namsimulia siku mama alipogombana na mwenye duka wa Soweto juu ya unga. Hakimu anacheka.

Dakika ya sita Célestine alisema, papa, zile mashine nilizi... Nikamwambia tutafika huko, mama. Dakika ya tisa alisema, papa, kuna karatasi. Nikamwambia subiri kwanza, nikaendelea na habari za Kongwa. Dakika ya kumi na tatu alisema tena, papa, ile karatasi. Nikamwambia achana na hayo, ukikubali tu leo unalala kwako. Akasema ndiyo, papa. Nikamuuliza kama ameelewa. Ndiyo, papa. Kama hajalazimishwa na mtu. Ndiyo, papa.

Nilichukua penseli nikapiga hesabu. Katika dakika kumi na saba, mimi nilizungumza zaidi ya kumi na tatu. Yeye alisema ndiyo papa mara kumi na tisa. Halafu nikaitazama ile barua ya jana yenye saini yake, nikakumbuka mazungumzo yetu ya saluni, na sikuwa na haja ya rekodi ili kujua yalikuwa yaleyale. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nilisimama, nikaenda jikoni, nikasahau nimefuata nini, nikarudi.

Nikayatafuta na majalada mengine thelathini kichwani. Mrundi wa Februari. Yule fundi cherehani wa Bukavu niliyemweka nusu saa. Wale ndugu wawili wa Kigoma. Sikukumbuka utetezi wa hata mmoja wao, ila nilikumbuka tuliongea nini. Nilikuwa mpweke, basi. Ukweli ndio huo na hauna sheria ndani yake. Nilikuwa nimewageuza washitakiwa kuwa wageni wangu wa sebuleni, ila mgeni wa sebuleni akichoka anaaga, na hawa walikuwa na askari mlangoni.

Nilitaka kumpigia Evarista nimwambie ametafsiri vizuri. Sikuruhusiwa kuzungumza na watumishi wa mahakama, na safari hii nikatii. Nikampigia Brightness. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, sijui kwa nini nilimlazimisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ana kikao na atapiga Jumapili.

Alhamisi nikarudi Newtown. Nilijua nafanya kosa lilelile mara ya pili, na safari hii sikujiambia naenda kusalimia. Célestine alifuta kiti tena. Nikakataa kukaa. Nilisimama karibu na mlango, kofia mkononi, nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miezi kumi nyuma: zile draya alizipata wapi?

"Ndiyo, papa," akasema.

Nikamwambia simuombi akubali kitu, namuuliza, na kwamba nitanyamaza mpaka amalize. Akawatazama wenzake. Akaweka chanuo chini. Akaanza kueleza taratibu, akinichungulia kama atakatizwa. Draya alizinunua kwa mwenye saluni mmoja aliyekuwa anarudi Lubumbashi na anauza vyombo vyake. Mtu yule alimwandikia karatasi, akaipiga muhuri wa saluni, akaweka na namba ya simu. Siku alipokamatwa karatasi hiyo ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulichukuliwa na polisi. Walikuja nao mahakamani. Ulikuwa umewekwa kwenye benchi, nje tu ya chumba changu.

"Hatua kumi, papa," akasema. "Nilikuwa naona kamba yake mu mulango."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwa nguvu, kwa nini hakupaza sauti. Nilijua jibu si la kisheria, ila nilitaka kulisikia. Célestine alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvuka mto uliofurika.

"Papa, ulikuwa unasema juu ya mama yako mwenye alikufa. Mutu akisema juu ya mama yake mwenye alikufa, unamukatiza namna gani? Kwetu haifanyikake. Nilingoja umalize. Wakati ulimaliza, ukasema niitike, nikaitika."

Ningekuwa mbele ya mama yangu, yeye angemjibu kwa niaba yangu, na angemuunga mkono. Hata Kongwa hatumkatizi mtu anayemtaja marehemu wake. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, nalo ndilo lililomfunga mdomo mwanamke huyu kuliko pingu yoyote niliyokuwa nayo mahakamani.

Nikamwambia kuhusu Bunge. Nilimweleza kwamba huko Cape Town kuna watu waliochaguliwa, na kwamba siku chache zijazo wataulizana kama nirudi kwenye kiti au nisirudi, na kwamba mimi nina barua yake inayosema nilimtendea wema. Nikamuuliza kama alitaka kuisaini. Hakujibu. Nikamuuliza basi swali la mwisho, kwamba kama wabunge wangemuuliza yeye, angependa nirudi?

Wale wasusi wawili waliacha kusuka. Mteja aliinua macho kwenye kioo. Célestine alikuwa anaviringisha uzi wa rasta kwenye kidole, anauviringua, anauviringisha tena. Nilitaka kumsaidia kwa neno, lilinifika kooni. Nililimeza.

"Apana, papa," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini sana. Kisha akavuta pumzi akaongeza, safari hii akinitazama usoni.

"Na hapa pia usirudie tena. Ukiingia, mi siwezi kukuambia toka. Ndiyo maana nakuambia sasa."

Nikamshukuru. Nikavaa kofia, nikatoka, nikavuka kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, bila kuangalia, teksi ikanipigia honi. Nilifurahi kwa ajili yake, namaanisha hivyo kwa dhati. Na papo hapo kifua kilikuwa kinaniuma, kwa sababu Johannesburg nzima sikuwa na mahali pengine ambapo mtu angeniambia ikaa hapa. Nilitembea mpaka Park polepole ili nisifike nyumbani mapema.

Ijumaa asubuhi nikazichana zile kurasa tisa. Nikaandika moja. Niliandika kwamba mashitaka ni ya kweli. Niliandika kwamba baada ya kusimamishwa nilimfuata Célestine mara mbili kinyume na amri, kwamba mara ya kwanza nilipata saini yake kwa njia ileile niliyopatia kukiri kwake, na kwamba mara ya pili nilimuuliza kama nirudi kazini naye akasema hapana. Nikaambatanisha barua aliyosaini ili waione wenyewe. Nilijua ukurasa ule unaniongezea shitaka la pili, zito kuliko la kwanza. Hakimu anayemwendea shahidi hana pa kujificha. Nikautuma saa tano na dakika ishirini.

Kamati ilikaa Jumatano, tarehe sita Septemba. Vikao vyao hurushwa kwenye mtandao, nikafungua kompyuta mezani nikavaa tai, sijui kwa nini nilivaa tai. Nilikuwa ajenda ya nne. Mbunge mmoja aliuliza kwa nini uchunguzi wa mahakimu unachukua muda mrefu hivyo huku wanalipwa wakiwa wamekaa majumbani, akataka wabunge wapewe taarifa kila baada ya miezi mitatu kama sheria inavyosema. Mwingine, kijana, aliuliza tangu lini kuzungumza na mtu lugha yake kumekuwa kosa. Hapo moyo uliniruka, nakiri. Mwenyekiti akausoma ukurasa wangu kwa sauti, wote, mpaka lile neno la Célestine.

Mama mmoja mtu mzima, kilemba cha kijani, akawasha kipaza sauti chake akauliza kama huyo mwanamke karatasi zake zimeshapatikana. Ofisa wa wizara akasema hana taarifa. Yule mama akataka taarifa hiyo iletwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho, na akataka zile kesi nyingine thelathini zisikilizwe upya rekodi zake, moja baada ya nyingine. Likaandikwa. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo baada ya hukumu, na wala mimi sikuwahi kujiuliza.

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga kuthibitishwa kwa kusimamishwa kwa Hakimu Mothibe, azimio liende kwenye mabaraza yote mawili ya Bunge. Yule kijana alitikisa kichwa, kwamba hapana, hapingi. Wakaenda ajenda ya tano. Sikukasirika. Nilikubaliana nao, nami ningeamua vilevile. Nilibaki nimekaa, nikawasikiliza wakijadili bajeti ya magereza mpaka walipovunja kikao na kioo kikawa cheusi.

Wiki mbili baadaye, mabaraza yote mawili yakiwa yameshapitisha, simu ililia. Ilikuwa namba ya Pretoria, nikaipokea kwa haraka ya aibu. Mama mmoja wa ofisi ya wizara, mpole, alinieleza kwa Kizulu kwamba barua ya uthibitisho italetwa nyumbani kwa mkono na lazima isainiwe. Akaniuliza kama nisipokuwepo ni nani mwingine wa nyumba hiyo anayeweza kuipokea, aandike jina lake kwenye fomu. Nikamwambia hakuna. Akauliza labda ndugu, labda mtumishi wa ndani. Nikasema hakuna. Akauliza labda jirani, maana fomu haiwezi kubaki wazi mahali hapo.

Nikafikiri kweli, nikawapitia mmoja mmoja, nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, ya mbele. Sikuwa na jina la hata mmoja wao. Nikamwambia aandike jina langu mara mbili. Akauliza basi alete siku gani ili anikute. Nikamwambia siku yoyote, saa yoyote. Nipo.